Trekta Ilipolima Siku ya Mama

Kwa miezi mitatu mimi na kaka yangu tulibishana kwa simu juu ya trekta. Yeye alitaka tununue, mimi nilitaka tukodi. Yeye anaishi Lubumbashi, ana duka la vipuri vya magari na tumbo la mtu mwenye duka. Mimi ni mwalimu wa darasa la tano hapa Kindu. Sina duka wala tumbo, nina mdomo. Shamba lilikuwa la mama yetu, ng'ambo ya mto, kwenye njia ya Kailo, ardhi aliyogawiwa na wajomba zake kabla sisi hatujazaliwa. Mpunga, muhogo, karanga kidogo pembeni. Alilima huko maisha yake yote kwa jembe la mkono, na wakati ninaouzungumzia alikuwa amepita miaka sabini, mgongo umepinda, na kila akipanda mtumbwi kuvuka nilikuwa sipumui vizuri mpaka arudi.

Tulitaka apumzike. Naliandika hili mapema kwa sababu huko mbele litasikika kama kisingizio. Hatukuwa watoto wabaya. Tulikuwa watoto wenye haraka, na haraka yetu tuliiita huruma.

Kaka alinitumia picha kwenye simu. Trekta nyekundu, trekta ya buluu, trekta iliyosimama mbele ya ukuta na mtu nisiyemjua ameegemea tairi, anatabasamu.

"Dada, angalia hii. Ya mukono ya pili, lakini motere iko nzima kabisa," aliniambia. "Tunanunua mara moja, mambo inaisha. Kila mwaka mama analimiwa, na majirani wanakuja kukodi kwetu."

"Itafika namna gani, Yaya?" Yaya ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu huku.

"Kwa treni."

"Treni gani?"

Hapo alikohoa kidogo. Treni ya kutoka Katanga hufika Kindu siku inapopenda. Kuna wanawake waliopanda na mimba wakashuka na watoto. Nikamuuliza tena mazutu, yaani dizeli, itanunuliwa na nani, piesi ikivunjika itaagizwa wapi, nani ataiendesha, italala wapi isiibiwe betri, na itavuka mto juu ya nini. Nilifurahia sana maswali yangu. Nina kasoro hiyo tangu utoto: nikijua ninashinda ubishi, siachi mpaka mwenzangu akae kimya, hata kama jambo lenyewe limeshapoteza maana. Darasani inanisaidia. Nyumbani haijanisaidia kitu.

Kwangu mimi jibu lilikuwa rahisi. Hapa mjini kulikuwa na mfanyabiashara mwenye trekta moja, akiikodisha pamoja na dereva na mazutu. Inakuja, inalima, inaondoka, na ikiharibika ni shida yake. Kaka alivuta maneno wiki mbili tatu, mwishoni akakubali, akatuma pesa ya kukodi, nami nikatembea mtaani siku ile kichwa juu.

Mama alikuwapo wakati wote huo. Alikaa kwenye kibao chake mlangoni, akipepeta mchele au akinyofoa majani ya muhogo ya sombe kwenye vijiti, na mimi napiga kelele kwenye simu juu ya kichwa chake. Siku moja alisema bila kuinua macho, "Mukimaliza, mutaniambia." Nilicheka. Nilimsimulia kaka, naye akacheka. Tulisema mama bado ana mzaha wake.

Ili mtu aelewe nilichoharibu, lazima niseme habari za likilimba.

Likilimba kwetu ni wanawake wanaolimiana, wanaopaliliana na wanaovuniana kwa zamu. Leo majembe yote yako kwa huyu, kesho kutwa kwa yule, mpaka mzunguko uishe, kisha wanaanza upya. Hakuna anayemlipa mwenzake. Mwenye siku anapika, na wengine wanalima. Mama alikuwa katika likilimba tangu alipoolewa, na mimi nilikua nikidhani kila mama duniani ana siku yake.

Vita ilipofika Kindu nilikuwa na miaka kumi na miwili. Baba alikuwa mtu wa reli, mzaliwa wa Kasai, aliyeletwa huku na kazi. Treni zilipokoma aliendelea kwenda kituoni kila asubuhi na kofia yake ya kazi, akikaa kwenye benchi akitazama majani yanavyoota katikati ya reli. Mwaka wa pili wa vita malaria ilimchukua, kwa kukosa vidonge ambavyo zamani treni ingevileta. Kaka alikuwa ameshakimbilia kusini. Tukabaki mama na mimi, na tumbo halijui vita.

Mji ulikuwa mikononi mwa waasi, na msitu ulikuwa mikononi mwa wapiganaji waliowapinga. Mashamba yalikuwa katikati. Ukitoka mjini kwenda kulima, askari wa mjini walikuona unapeleka chumvi na habari msituni. Ukifika shambani, watu wa msituni walikuona umetumwa na mji. Wanaume waliacha kabisa kwenda, maana mwanaume hakuulizwa maswali, alipigwa risasi. Wakaenda wanawake, na wakaenda kwa likilimba, kwa sababu aliyekwenda peke yake hakurudi.

Walikuwa kumi na wawili. Walivuka pamoja, walitembea pamoja, walilima mstari mmoja wakiwa wamepangana bega kwa bega. Anayekwenda kujisaidia porini alikwenda na mwenzake. Waliimba muda wote, nyimbo zile zile za kulimia, na watu wa mjini waliowasikia kutoka mbali walidhani wana moyo wa ajabu. Mama aliniambia baadaye kwamba walikuwa wanahesabiana kwa sauti. Ikipungua moja, wote walisimama.

Yeye alikuwa mkia wa mzunguko, siku yake ya mwisho kabisa. Msomaji asiyejua kwetu ataona ni kuonewa. Mkia ni mtu ambaye ameshalima kwa wote kumi na mmoja kabla hajalimiwa hata hatua moja, kwa hiyo anachaguliwa yule asiyechoka kungoja na asiyewashuku wenzake. Wakati mwingine mvua ilishakolea ilipofika zamu yake, na mpunga wake ulichelewa kuliko wa wote. Hakulalamika. Nadhani aliona fahari, ingawa alikuwa akijifanya haoni.

Siku moja walipokuwa wanarudi, askari waliwasimamisha pale mitumbwi inapofikia. Ndani ya kikapu cha mama walikuta chumvi, pungufu ya kijiko, imefungwa ndani ya jani. Ilikuwa ya chakula cha mchana, ikabaki. Miaka ile chumvi ilikuwa adimu kuliko dawa. Watu walichoma majani ya magugu wakachuja majivu yake ili sombe ipate ladha. Askari wakasema ni baki ya aliyompelekea adui. Wakamweka kando, wakawaambia wengine wapande mtaani kwao.

Wale kumi na mmoja wakakaa mchangani. Niliwaona kwa macho yangu, kwa sababu nilikuwa nimeteremka mtoni kuchota maji na kumpokea mama mzigo. Hawakulia, hawakujitetea. Walikaa na majembe mapajani. Kamanda aliwafokea, akapiga risasi juu. Mmoja wao alijikojolea pale pale, maji yakaloanisha mchanga, na hakuinuka. Tulikaa hivyo mpaka jua likashuka upande wa kituo cha reli. Mwishowe kamanda alichoka, au aliona aibu, sijui. Akachukua mpunga wote walioubeba, akamwachia mama. Walipanda mlima kuelekea mtaani wakiwa wamemweka katikati, na mimi nyuma, nimeshika upindo wa kikwembe chake.

Kuna jambo moja zaidi la miaka ile. Mwanamke mmoja wa kundi alishukiwa kwamba anawapelekea askari maneno. Hakuna aliyemtuhumu mdomoni. Siku yake ilipofika hawakwenda, na huo ukawa mwisho wake kati yao. Ndivyo likilimba inavyomkata mtu. Na mtu mwenyewe hujikata kwa njia hiyo hiyo: akiyakataa majembe siku yake, amewaambia wenzake kwamba yeye hawaamini tena. Hakuna mkutano, hakuna barua. Hili nililijua tangu utoto, kama ninavyojua njia ya kwetu, na sikulikumbuka siku niliyopaswa kulikumbuka.

Vita iliisha kwa namna vita zinavyoisha, kidogo kidogo, bila mtu kuja kukuambia. Wale wanawake walizeeka. Wengine walikufa, binti zao wakashika nafasi zao, na likilimba ikaendelea na watu kumi na wawili vile vile. Waliokuwa wamebaki wa zamani walikuwa wanne, mama mmoja wao, na mama mwingine tuliyemwita Mama Mukubwa ndiye aliyeongoza nyimbo na kupanga siku. Mama bado alikuwa mkia. Mimi sikujiunga, nilikuwa na shule, na kusema kweli niliona ni mambo ya watu ambao hawakupata shule.

Sasa trekta. Kwanza dereva alikuja kukagua shamba. Akatembea akipiga ardhi kwa kiatu, akasema haingii mpaka visiki vyote ving'olewe. Nikalipa wanaume wa kung'oa visiki, kazi ya wiki mbili. Mama alikwenda kuwatazama, akarudi, akasema shamba limekuwa kama kiwanja cha mpira. Sikuona kama ni lawama. Halafu mwenye trekta akanipigia simu siku ya Jumatatu: kivuko kinafanya kazi wiki hii, trekta itavuka kesho, na baada ya hapo inakwenda upande wa Kibombo kwa mwezi mzima. Kesho au basi. Mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya, nami nikasema kesho.

Nilimwambia mama alipokuwa anaosha sahani.

"Kesho? Na Alhamisi?" aliuliza.

Alhamisi ilikuwa siku yake. Ameshalima kwa wote kumi na mmoja msimu ule, kwa mgongo ule uliopinda, na wiki hiyo majembe yote yalikuwa yanakuja kwake. Mimi nililisikia jambo hilo kama habari njema.

"Alhamisi utapumzika, Mama."

"Nitawaambia je watu?"

"Wacha, nitawaambia mimi."

Akafuta mikono kwenye kikwembe. "Feza ya mukubwa wako ilishatoka?" aliuliza, nami nikasema ndiyo, imeshalipwa yote. "Bon," akasema, na akarudi kwenye sahani zake.

Jumanne trekta ililima. Siwezi kudanganya, ilikuwa raha kuitazama. Kazi ya siku nyingi iliisha kabla ya saa sita, na kwa kuwa mazutu ilibaki, dereva akaniuliza kama nataka aongeze ule upande wa pori jepesi. Nikasema aongeze. Shamba likawa karibu mara mbili. Udongo wa chini, ule mweupe, ulitokeza juu kwa mistari mirefu, na mama aliuchukua mkononi, akaunusa, akautupa. Nilipiga picha nikamtumia kaka. Akanijibu kwa vidole gumba vitatu.

Jioni ile ile niliwapigia simu akina mama, kupitia binti wa Mama Mukubwa. Nilisema mama anawashukuru sana, Alhamisi wasije, trekta imeshamaliza kila kitu. Nikanunua sabuni kumi na moja, kipande kwa kila mmoja, nikazituma kwenye mfuko na neno la shukrani. Nilijiona mtu mwenye adabu za hali ya juu.

Ijumaa sabuni zilirudi. Mfuko ule ule, vipande kumi na moja, umewekwa mlangoni. Mama ndiye aliyeukuta. Nilimwona ameketi na mfuko magotini, anagusa vile vipande kimoja kimoja, na wakati huo ndipo nilipomkumbuka yule mwanamke wa wakati wa vita.

"Mama, nitakwenda kuwaeleza. Sasa hivi," nilisema.

"Bakia. Njo mambo ya wakubwa hii." Njo kwetu ni ndiyo.

"Lakini ni mimi niliye..."

"Minasema bakia."

Alivaa kikwembe chake cha kanisani, akaenda kwa Mama Mukubwa peke yake. Alikaa huko karibu saa mbili. Aliporudi nilimuuliza wamesemaje. Akajibu kwamba wamezungumza vizuri, wamempa maji ya kunywa, na wamemwambia apumzike sasa maana ana trekta. Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, akaniomba nimletee kibao chake.

Nikawachukia wale wanawake. Nalisema wazi, kwa sababu niliishi na chuki ile miezi mingi na ilinishibisha. Niliwaza: mama amekwenda kuwaeleza kwamba ni mwanawe, mwalimu wa watu, mjinga wa mambo yao, aliyekosea; na wao, kwa kiburi cha jembe, wameshindwa kusamehe kosa la simu moja. Nilipokutana na mmoja wao sokoni niligeuza uso. Nilimwambia kaka kwamba wana wivu na trekta. Kaka alikubali mara moja, kwa kuwa lilikuwa jambo la kwanza tulilokubaliana mwaka ule.

Mpunga uliota vizuri, na magugu yakaota vizuri zaidi. Trekta inalima tu. Haipalilii, haifukuzi ndege, haivuni. Shamba la mikono ishirini na minne sasa lilikuwa shamba la mikono karibu hamsini, na mikono iliyobaki ilikuwa miwili ya mama na miwili yangu siku za Jumamosi. Niliajiri vibarua. Walikuja siku mbili, siku ya tatu wakapata kazi ya kupakua mashua za baleinieri bandarini, wakapotea. Upande ule nilioongeza kwa tamaa ulifunikwa mpaka usingejua kama uliwahi kulimwa. Tulivuna sehemu ndogo, suke kwa suke kwa kisu, na ndege walivuna yao bila kisu.

"Ningekuambia nunua," kaka alisema. "Mwenye trakteri yake anarudi mara ya pili, anageuza magugu."

"Anageuza na mpunga pia, Yaya?"

"Wewe unapenda kubisha tu."

Tukabisha hivyo, kununua au kukodi, kukodi au kununua, na mama amelala chumba cha pili mgongo unamuuma.

Mzunguko mpya wa likilimba ulipoanza, mama alichukua jembe lake akaenda. Hakuwa ameitwa. Nilijua hilo kwa sababu nilimfuata siku moja ya mapumziko ya shule, nikasimama mbali njiani. Wanawake kumi na wawili walikuwa wamejipanga katika shamba la mmoja wao. Nafasi ya mama walishampa mkwe wa mtu. Mama alianza mstari wake mwenyewe pembeni kabisa, hatua kama nne kutoka kwao. Hawakumfukuza. Walimwamkia kwa heshima, shikamoo zake zote alizipata. Wakati wa kula walimpelekea sahani pale alipokaa. Walipoimba, aliimba naye, chini chini, nyuma kidogo ya wimbo.

Alifanya hivyo msimu mzima, mashamba yote kumi na mawili. Nilimkataza, nilimsihi, nililia. Nilificha jembe, akaazima lingine. Nilimwambia wale hawana shukrani, wanamtazama anajiua. Alinijibu mara moja tu, akiwa anapaka mafuta ya mawese magoti: "Hawana kosa."

Alikufa kiangazi, baada ya homa ya siku sita. Kaka alikuja kwa ndege, akanunua jeneza zuri kuliko kitanda chochote alichowahi kulalia mama. Msiba wa mwanamke wa likilimba kwetu una desturi yake: wenzake wanalala msibani mpaka siku ya mwisho, kisha wanakwenda shambani kwake kulima kwa ajili ya watoto wake. Wale wanawake walikuja. Walikaa kwenye mikeka pamoja na majirani wengine, walilia vizuri, walichangia kuni na maji. Ilipofika jioni walisimama, wakaaga kama majirani, wakaenda makwao. Kila jioni hivyo hivyo. Siku ya mwisho shambani hakwenda mtu.

Nilivumilia wiki moja. Kisha Jumamosi nikavuka mto, nimebeba hasira zangu zote, nikamkuta Mama Mukubwa shambani kwake peke yake, anapalilia muhogo. Sikumwamkia. Kwetu, mtu wa umri wangu kutomwamkia mtu wa umri wake ni sawa na kumtemea mate, na nilifanya kwa makusudi.

Nilimwambia yote. Kwamba mama amewalimia maisha yake yote akiwa mkia. Kwamba msimu mzima amelima pembeni yao kama mgeni, nao wanatazama. Kwamba wamempa sahani na wamemnyima siku yake. Na kwamba walijua vizuri sana, tangu Ijumaa ile, kwamba kosa halikuwa lake.

"Aliwaeleza!" nilisema. "Alikuja kwako na kikwembe cha kanisa, akawaeleza kwamba ni mimi niliyeita trekta. Mimi, mtoto wake. Na nyinyi mkashindwa kusamehe!"

Mama Mukubwa alisimamisha jembe.

"Mama yako alikuambia vile? Alisema vile kwa mudomo yake?"

Nikafungua mdomo kujibu ndiyo, nikaona hapana. Hakuwahi kuniambia. Ni mimi niliyejaza.

"Simu ilitoka kwako," alisema. "Sabuni ilitoka kwako. Sisi tulijua njo mutoto, tangu siku ya kwanza. Alipokuja, tulimuuliza. Mara tatu tulimuuliza: mama, njo mutoto alifanya hii? Kama angesema ndiyo tu, tungecheka, tungechukua majembe, tungekuja hata kuvunja matonge ya udongo. Mutoto ya shule anajua nini? Akasema hapana. Njo mimi. Mimi njo nilitaka ile trakteri, mimi njo nilisema musikuje."

"Mngemwambia mnajua ni uongo," nilisema.

"Mukubwa yule? Nimuite muongo mbele ya watu?" Alitikisa kichwa. "Neno alishasema. Mimi nilingoja abadilishe. Kila siku alipokuja na jembe, nilisema leo atabadilisha."

Akakaa chini kwenye tuta, polepole, kwa mikono, naye hakuwa kijana. Alisema kwamba wakati wa vita walizoea hivyo wote. Mtu akija kuuliza nani amefanya, mama hatoi jina la mtoto wake, hata kwa fimbo, hata kwa bunduki. Anasema njo mimi. Yeye Mama Mukubwa mwenyewe alishasema hivyo mara nyingi, na meno mawili hana kwa sababu hiyo.

"Lakini sisi hatukukuwa maaskari," alisema, na akaanza kulia. "Sisi tulikuwa wenzake."